Nimeitoa televisheni kwenye kifurushi cha intaneti: uzoefu wangu Lubumbashi

Nyota nne kati ya tano. Ninachopima hapa ni intaneti ya faiba ya nyumbani, hapa kwetu Kamalondo, tangu tulipoitenganisha na televisheni iliyokuwa imefungwa nayo kwenye kifurushi kimoja. Kampuni siitaji jina. Majirani wana mikataba na kampuni nyingine na hadithi zao ni hizo hizo.

Kifurushi cha zamani kilikuwa dola 58 kwa mwezi: intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, dekoda, na chaneli zaidi ya mia. Kwenye bili kulikuwa na mstari mmoja tu wenye bei, na chini yake maandishi madogo yanayosema televisheni ni ofa. Bei ya intaneti peke yake huikuti ukutani, wala kwenye vikaratasi wanavyogawa barabarani. Lazima uulize, na ukiuliza unaanza kwanza kusifiwa chaneli.

"Mama, televisheni ni bure, tumekuongezea tu," kijana wa dirishani aliniambia.

"Nikiirudisha, bei inabaki ileile?"

"Hapana, mama. Bila televisheni ni dola 40."

Basi hiyo bure yao ilikuwa inatula dola 18 kila mwezi, 216 kwa mwaka. Nyumba inayokula bukari, yaani ugali, ya unga uliopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unga ambao bei yake inafuata mavuno ya Zambia na jinsi mpaka ulivyoamka siku hiyo, haikosi kazi ya dola 18. Halafu bili imeandikwa kwa dola. Ukilipa kwa faranga wanakupigia kwa kiwango chao wenyewe, si kile cha wabadilishaji wa barabarani, kwa hiyo kila dola unayoipunguza inaondoka pamoja na kinyongeza chake.

Kabla sijaamua nilibandika karatasi pembeni ya tivi, kila anayewasha aandike alichotazama. Watoto waliona ni mchezo, wakaandika mpaka matangazo. Ilipojaa, mambo yalikuwa manne: novela za mama mkwe, katuni, mpira wa wikiendi, na taarifa ya habari. Chaneli za mitindo, za uwindaji, za mapishi ya watu wenye jiko lenye tanuri mbili, hakuna aliyezigusa. Mume wangu aliisoma karatasi yote, akasema mpira umeandikwa mara chache kuliko anavyoutazama. Nilimwachia kalamu.

Wenzetu wa Ulaya nasikia wanaikata televisheni ya kifurushi kwa sababu tayari wanalipia filamu mahali pengine. Hapa sababu yangu kubwa ni umeme. Televisheni inalipwa kwa kalenda, lakini inatazamwa kwa umeme, na hivyo viwili havijawahi kukubaliana. Sehemu ya umeme wetu inasafiri kutoka Inga, kwa laini ya kilomita kama 1,700 hadi Kolwezi, ndipo ushuke huku kwetu. Na hata ukifika mjini salama, bado kuna kabini ya mtaa, kile kibanda cha transfoma, nayo huharibika. Giza likiingia saa moja jioni, novela inaendelea kuonyeshwa huko hewani na sisi tunakaa uani tukiwa tumekwisha kuilipia. Kampuni haikurudishii saa za giza.

Intaneti ni kitu kingine kabisa kwenye giza hilo. Modemu yetu inatumia volti 12 na haili zaidi ya wati kumi hivi. Fundi alituunganishia betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ya aina inayowekwa kwenye kengele za wizi. Kwenye karatasi hiyo ni wati-saa 84, na ingawa huwezi kuzitumia zote bila kuiua betri, modemu inamaliza nayo jioni. Tivi ya inchi 43 pamoja na dekoda hukaribia wati mia. Ukiziweka kwenye betri ile zinaimaliza chini ya saa moja, tena baada ya kununua kigeuza umeme. Kwa hiyo umeme unapokatika watoto wanaendelea kusoma kwenye simu, mimi naendelea kupokea oda za wateja wangu wa vitenge, na kitu pekee kinachosimama ni kile tulichokuwa tunakilipia dola 18. Hesabu hii sikuiona imeandikwa na kampuni yoyote.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Dekoda ya faiba haichukui picha kwenye parabole, yaani dishi la satelaiti, inaivuta kwenye waya uleule wa intaneti. Chaneli moja ya picha safi hula megabiti kati ya 5 na 8 kwa sekunde, na sisi tulikuwa na 20. Halafu watu wengi huzima tivi kwa rimoti na kuiacha dekoda na taa yake, nayo, kulingana na aina yake, inaweza kuendelea kuvuta picha ambayo hakuna anayeitazama. Binti yangu anasoma Unilu, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na saa za usiku ndizo zake za kupakua masomo. Alikuwa analalamika juu ya kasi kila tunapokaa sebuleni. Tangu dekoda itoke, halalamiki.

Sasa yale manne yamekwenda wapi?

Habari ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. France 24 kwa Kifaransa inaonyesha moja kwa moja kwenye YouTube mchana na usiku. BBC Swahili na DW Kiswahili wanaweka matangazo yao huko huko, na Radio Okapi ina habari zake kwa Kiswahili kwenye tovuti. Uzuri wake ni kwamba habari iliyokupita wakati wa giza inakungoja. Kwa vituo vya hapa nyumbani, RTNC na Nyota, tulirudisha antena ya zamani juu ya paa, ile tuliyotaka kumpa fundi wa vyuma. Katuni nazo ziko tele, ila simwachi mtoto peke yake na YouTube. Inaanza na katuni ya tembo, ukigeuka inaonyesha mtu mzima anayefungua mayai ya plastiki.

Mama mkwe ndiye aliyenipa wasiwasi. Kutazama novela kwenye simu alikataa siku ya kwanza, kwamba wale watu wamekuwa wadogo mno kwa machozi yote hayo. Tulinunua kisanduku cha Android kinachochomekwa nyuma ya tivi, mjukuu wake akamfundisha kutafuta kwa sauti, na sasa anaongea nacho Kiswahili kwa ukali na kinamletea vitu vya ajabu. Baadhi ya novela zake hazimo kwenye intaneti bila kulipia, hilo niseme wazi. Amehamia za Kituruki zilizotafsiriwa Kifaransa, na mwisho wake bado anauuliza kwa jirani.

Mpira. TP Mazembe, timu yetu, kwa mtu wa Kamalondo ni habari ya peke yake, uwanja uko hapa hapa. Goli likifungwa kelele zinafika uani kwetu kabla picha haijafika kwenye kioo. Kwa dekoda ilikuwa inachelewa sekunde kadhaa, kwa intaneti inaweza kuwa nusu dakika. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatazama magoli tuliyokwisha kuyasikia. Timu yenye makombe matano ya mabingwa wa Afrika, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, mtu wa mtaa huu anunue tiketi aende akae nayo.

Ligi za Ulaya ndizo zilizokatwa kweli, na hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipobaki. Njia ya bure iliyo halali kwa mechi hizo sikuiona. Zile kurasa za magendo zinakatika penalti inapopigwa, na zinaijaza simu takataka. Mume wangu sasa anazitazama nganda ya kona, yaani baa, na niwe mkweli kwenu: bia za Simba mbili kila mechi, mara nne kwa mwezi, pamoja na ya rafiki aliyekuja mikono mitupu, zinaweza kuila akiba yote na kuidai tena. Tulikubaliana bajeti. Anaiheshimu, isipokuwa Real Madrid wanapocheza.

Timu ya taifa nayo inanisumbua. Wakati wa CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2023, ile iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Leopards walipofika nusu fainali, sebule yetu ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kwa mwezi kama ule ningelipa televisheni bila kunung'unika. Niliuliza kama naweza kuichukua mwezi mmoja na kuiacha. Jibu: mkataba wa mwaka au hakuna. Kampuni itakayouza televisheni kwa mwezi, wakati wa mashindano tu, itanipata asubuhi na mapema.

Ofisini penyewe si vibaya. Walijaribu kunibakisha kwa punguzo la miezi mitatu. Niliuliza mwezi wa nne bei itakuwa ngapi, ikarudi kuwa 58. Badiliko halianzi siku hiyo, linaanza bili inayofuata, kwa hiyo usiende siku moja baada ya kulipa. Kilichonikera ni kwamba mwezi wa kwanza bili ilikuja na mstari mpya: ada ya kukodi dekoda, dekoda ambayo walikuwa nayo wao. Kwenye kifurushi cha zamani ada hiyo haikuonekana, ilikuwa imejificha ndani ya bei. Bila risiti ya kurudisha chombo ningebishana mpaka leo. Nilipoionyesha waliufuta mstari bila maneno, na tangu hapo bili ni 40 kamili.

Wapo ambao siwashauri. Kama nyumbani kwako intaneti ni vifurushi vya simu vya megabaiti, usifuate mfano wangu. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha safi inaweza kula hadi gigabaiti 3, na ya kawaida karibu 1. Kwa bei za data zetu, familia inayotazama kila jioni itatamani dekoda ya parabole kabla ya wiki kuisha. Akiba hii ni ya mwenye waya usiohesabiwa. Na kama una mzee wa nyumbani asiyetoka, ambaye televisheni ndiyo mazungumzo yake ya mchana, hesabu yake si ya dola peke yake.

Anayetaka kwenda: beba kadi ya mpiga kura, nambari ya mkataba, bili ya mwisho na ushahidi wa malipo ya M-Pesa au Airtel Money. Soma kwanza kama muda wa mkataba wako umekwisha, la sivyo kuna faini. Rudisha dekoda na kila kilichokuja ndani ya boksi: adapta, waya wa HDMI, rimoti. Yetu ilikuwa haina kifuniko cha betri, mtoto alikipoteza zamani, nao walitaka faranga elfu tano za kifuniko. Nilitafuta chini ya makochi yote nikakipata, pamoja na kijiko na funguo za jirani.