Kuomba Kazi Serikalini na Katika Kampuni Binafsi Nchini Tanzania
Anayeomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupimwa kwanza kwa nyaraka zake, kwa kuwa hutakiwa kuambatisha barua ya maombi iliyosainiwa, wasifu binafsi na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, na hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti chenyewe. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, hana budi kuwa na hati ya kisheria. Inaniuma kuona vijana hodari wakikwama hapo. Usaili nao kwa kawaida huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, ndipo yafuate mahojiano.

Kampuni binafsi nyingi hutaka wasifu mfupi uliolenga nafasi yenyewe, na mahojiano yake huchimba zaidi yale uliyokwisha kuyafanya: ulimhudumiaje mteja aliyekasirika, au ulifungaje hesabu za mwezi. Kwa mhitimu asiye na uzoefu, naona njia ya serikali ina unafuu, kwa sababu mtihani humpa nafasi ya kuonyesha anachokijua kabla ya kuulizwa amewahi kufanya kazi wapi.