Steshenari za maombi ya vyuo Dar: zipime kwa wiki za kusubiri

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila mtaa wa Dar unaota bango: "Tunaomba vyuo, mkopo, RITA, NIDA." Iwe Mwenge, Ubungo, Tandika, Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto, sura ni ileile. Meza moja, kompyuta mbili, printa, feni, na benchi la vijana nje. Kujaza maombi kunachukua nusu saa, kusubiri majibu kunachukua wiki kadhaa. Ndiyo maana hapa hatuangalii kasi ya mhudumu wala wino wa printa. Tunauliza swali moja tu: mwombaji akiinuka kwenye kile kiti, ameondoka na nini cha kumwezesha kulala usiku?

Kwa kipimo hicho, steshenari nyingi zinafeli, na mahali pa kufelia ni pamoja: namba ya simu.

Mfumo wa chuo, unapofungua akaunti, unadai namba ya simu na barua pepe, na mara nyingi unatuma namba ya uhakiki hapohapo. Simu ya mwombaji imezima chaji, au laini aliyokuja nayo ni ya mama yake ambaye yuko sokoni. Nyuma yake wamejipanga watu kumi. Mhudumu anasema, "Dogo, tuweke yangu, ujumbe ukiingia nitakupigia." Barua pepe nayo anaifungua yeye, neno la siri analitunga yeye, kisha analiandika kwenye daftari la kaunta chini ya majina mengine arobaini ya siku hiyo. Hana nia mbaya. Anataka foleni isogee.

Hasara inaonekana baadaye. Mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) uliokuwepo tangu 2010 uliachwa, na kuanzia 2017 mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo. Aliyeomba vyuo vitatu anaweza kuchaguliwa vyote vitatu, ile ambayo vijana wanaiita maltipo. Hapo TCU inamtaka athibitishe chuo kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoombea. Namba hiyo sasa inaingia kwenye simu ya mhudumu, katikati ya meseji za watu wengine, na yeye hakumbuki ipi ni ya nani. Mwombaji yuko nyumbani Kitunda anaangalia simu ambayo haitaita.

Kijana wa namna hii akikosa usingizi, usimwambie "acha mawazo". Hofu yake ina sababu. Ziko hofu mbili katika kipindi hiki, nazo hazitibiwi kwa dawa moja. Ipo ya kutojua kama utachaguliwa. Hiyo huna la kuifanya ila kuivumilia. Na ipo ya kutojua kama maombi yako yamefika, kama namba ni sahihi, kama malipo yamesoma. Hii ya pili inaisha kabisa, tena palepale mezani, kama huduma ni nzuri.

Steshenari nzuri zipo, na unazitambua kabla hujatoa hela. Mhudumu anauliza, "Laini ni yako? Iko hewani?" kabla ya kugusa kibodi. Anakugeuzia kioo usome mwenyewe. Mwisho anakuchapia karatasi moja ya A4 na kukuelekeza uihakiki kwa kalamu: namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, simu, barua pepe, kozi kwa mpangilio ulioutaka, namba ya malipo na neno "imelipwa". Neno la siri unaliandika mwenyewe, kwa mkono wako, nyuma ya karatasi. Karatasi hiyo ikiwa ndani ya bahasha kabatini, saa nane usiku moyo ukishtuka unajua pa kwenda kuangalia. Steshenari isiyotoa karatasi hiyo hatuipendekezi, hata kama ni ya jirani na bei yake ni nusu.

Kwenye namba ya mtihani, kosa la kawaida ni herufi ya mbele. S ni mtahiniwa wa shule, P ni wa kujitegemea. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili za miaka tofauti, na akitoa moja tu anaweza kuonekana hana sifa ilhali anazo. Zije zote mbili.

Kozi ndizo zinazotutia uchungu zaidi, kwa sababu hapo mhudumu anageuka mshauri bila kuwa nao ushauri. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinafika. Lakini kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Udaktari, kwa mfano, unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, na D au zaidi katika kila moja. Mwenye E ya Fizikia akijaziwa udaktari vyuo vitatu, ada tatu zimekwenda na kinachomsubiri ni jibu ambalo lingejulikana siku ileile. Mwongozo wa udahili wa TCU unapakuliwa bure na unaonyesha masharti ya kila kozi. Usome nyumbani, uandike kozi zako, ndipo uende. Mhudumu awe mchapaji tu.

Mwenye simu janja na bando anaweza kufanya yote mwenyewe, na kwa mtu mwangalifu hiyo ndiyo njia tunayoipa alama za juu. Ajaze mapema, maana siku za mwisho za dirisha mifumo huelemewa. Njia nyingine nzuri ni maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja, ambako maofisa wa vyuo wanakaa na kompyuta na unauliza swali lako kwa mwenye jibu.

Sasa lile benchi la nje. Wiki ya kwanza linafariji: uko na wenzako, mnacheka. Baada ya hapo ni kiwanda cha hofu. "Majina ya chuo fulani yametoka." "Mwaka huu wamepandisha pointi." Ukienda kila siku kumlipa mhudumu akuangalizie, hununui habari, unanunua dakika kumi za utulivu. Tangazo la TCU likitoka linawekwa kwenye tovuti yake, na chuo kinaonyesha jibu kwenye akaunti yako. Angalia mara moja kwa siku, saa uliyoichagua, mchana, kamwe si kitandani. Anayekutumia meseji ya kulipia ili "jina lipite" ni tapeli. Kuthibitisha udahili hakulipiwi, na namba ya tapeli huyo itume kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Usiku kifua kikibana, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano. Ukipita wiki mbili hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usingoje majina: nenda hospitali. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na si ya "vichaa" kama mtaani wanavyosema.

Na kama tayari umejaziwa namba ya mhudumu? Nenda leo, asubuhi kabla ya foleni, na kitambulisho chako. Mwombe, kwa upole, "Kaka, naomba tuingie kwenye akaunti yangu." Badilisha neno la siri kwanza, kisha simu, kisha barua pepe, na rudia kwa kila chuo, kwa sababu kubadilisha kimoja hakugusi kingine. Mfumo ukikataa, piga simu au nenda ofisi ya udahili ya chuo na ile karatasi, kama ulipewa. Na kama umeshachaguliwa maltipo ila namba ya siri hujaiona, ingia kwenye mfumo wa chuo unachokitaka na uombe utumiwe tena. Fanya hivyo siku majina yanapotoka, usingoje ya mwisho.