Matairi ya matope ya bei nafuu kwa Hilux: masika mawili, seti mbili

Nina Hilux ya zamani, injini 3L, inayovuta mbele na nyuma. Kazi yake ni kubeba viazi kutoka vijiji vya Makete kuja Njombe mjini. Barabara kuu siku hizi ina lami, ila viazi havilimwi kwenye lami. Mvua ikishaanza Novemba, njia ya kutoka shambani ni udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda, na gari lenye tairi kipara hugeuka lenyewe likaangalia lilikotoka.

Mwaka juzi matairi yangu yalikuwa yamekwisha na mfuko pia ulikuwa umekwisha. Nikaenda kwa muuza mitumba. Akanitolea manne yanayofanana, laki moja na ishirini kila moja, kashata (vile vipande vya mpira vinavyoshika chini) zimesimama bado, mpira laini hata ukucha unazama. Ubavuni palichorwa kimlima chenye vilele vitatu, na ndani yake kitu kama ua.

"Bosi, hizi ni za mlimani," akaniambia. "Si unaona mlima wenyewe? Kiwanda kimeandika."

Makete ni milimani. Nikalipa.

Lile ua ni chembe ya theluji. Alama ile ina maana kwamba tairi limepimwa likafaulu kwenye theluji. Ni matairi ya kipupwe cha Japani na Ulaya, yakichoka huko yanatufikia sisi ndani ya makontena. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, na kila kashata imechanjwa chale nyingi nyembamba za kung'ata barafu. Kwa kazi hiyo ni matairi mazuri sana. Ila theluji hushikana na theluji, kwa hiyo tairi la namna ile linataka ibaki kidogo kwenye mifereji yake ili ishike ile iliyo chini. Tope ni kinyume kabisa. Tope likibaki kwenye mifereji, umeshapoteza tairi.

Nililijua hilo siku ya gunia kumi, kwenye mteremko mmoja wenye kijito chini. Tulivuka kijito vizuri, tukaanza kupanda, gari likasimama huku magurudumu yote manne yanazunguka. Nikashuka kuangalia. Hapakuwa na kashata wala chale, kulikuwa na maandazi manne mekundu. Utingo wangu akachukua panga akaanza kubandua tope mfereji mmoja mmoja, tukasogea kama hatua ishirini, yakajaa tena. Akaniangalia akasema, "Kaka, hapa tutabandua mpaka Krismasi." Tulishusha gunia zote, vijana wakazibeba kichwani mpaka juu, na nikawalipa.

Kilichoyamaliza kabisa ni joto. Viazi vikipungua huwa nateremka Usangu kufuata mchele, na lami ya kuanzia Igawa kwenda Chimala mchana inachoma. Mpira wa baridi kwenye lami ya moto unalika kama kifutio. Miezi saba, kwisha. Muuzaji simlaumu sana, nadhani naye aliamini mlima ule ni wetu.

Safari hii nilinunua mapya, kashata kubwa za matope, ya Kichina. Laki tatu na nusu kila moja, na fundi akayafunga bure. Niliulizia pia BFGoodrich, nikaambiwa bei ambayo ningepata yangu mawili na chenji. Jina la haya niliyochukua silitaji kwa kuwa sijalipwa kuyatangaza, ila nawaeleza nilivyochagua.

Kwanza saizi. Nilibaki na 205R16C ya gari lenyewe ingawa vijana dukani walinishawishi nichukue pana "gari lipendeze". Kwenye tope jepesi lililolala juu ya udongo mgumu, tairi jembamba hukata likaenda kushika chini, lile pana huelea. Pili uzito: ubavuni paandikwe 110, maana yake tairi moja linabeba kilo 1,060. Anayebeba rumbesa asipuuze hiyo namba. Tatu umri. Tafuta neno DOT, soma tarakimu nne za mwisho: yangu yalikuwa 3523, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2023. Duka la kwanza walinipa "mapya" ya 2016, yanang'aa kwa dawa, huku kwenye mashina ya kashata kuna nyufa za nywele.

Matokeo? Mteremko ule ule, gunia kumi zile zile, nilipanda namba mbili bila kusimama. Tope linajaa, halafu ukikanyaga mafuta kidogo linarushwa lote, utingo akiwa nyuma lazima ajifunike. Jambo lililonisaidia zaidi ni upepo. Nikienda mtupu nashusha kutoka PSI 35 hadi 22, tairi linajitandaza na kashata zinauma. Nikiwa na mzigo siendi chini ya 28, na kabla ya kugusa lami najaza tena kwa pampu ya betri. Usipojaza, ubavu unapata moto na utapasukiwa njiani.

Sasa ubaya wake. Yanalia. Ukifika kilomita 80 kwa saa ni mashine ya kusaga, redio nimeacha kufungua. Lami ikilowa breki zinachelewa, maana mpira unaogusa chini ni mchache, kwa hiyo mteremko wa mvua nauingia na gia nzito. Mafuta pia yanaongezeka. Na usipoyazungusha mbele na nyuma yanalika kwa ngazi, yangu niliyachelewesha na sasa usukani unatetemeka kidogo.

Kama wewe safari zako tisa kati ya kumi ni lami, usinunue haya. Chukua yale ya mchanganyiko yaliyoandikwa A/T, uvumilie kukwama mara moja moja. Mimi nikipewa laki tatu na nusu leo narudia haya haya.

Zile za kimlima nilimpelekea fundi wa makatambuga. Alichukua mawili, wiki iliyofuata akanirudishia moja. Mpira laini mno, soli haikai.