NAN 1 au Lactogen 1? Nilivyochagua kopo baada ya maziwa yangu kupungua

Wamama mnaonyonyesha huku mnafanya kazi, hii nawaandikia nyie zaidi. Mwanangu wa pili ana miezi mitano sasa, na tangu alipogonga miezi mitatu anatumia ziwa na kopo (maziwa ya unga ya watoto, kama hizo NAN 1 na Lactogen 1) pamoja. Nimepitia makopo matatu, mawili nitayataja, moja sitalitaja maana kilichonikuta nalo kosa lilikuwa langu na sio haki kumbebesha mtu mwingine.

Mi nakaa Mbagala hapa Dar, kazi iko Mwenge. Likizo ya uzazi kwetu Tanzania ni siku 84, ukipata mapacha ndo 100, ya kwangu ikaisha nikarudi kwenye daladala. Sheria inasema mwajiri akupe mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha lakini jamani Mwenge hadi Mbagala masaa mawili si yanaishia kwenye foleni tu. Nikawa nakamua kazini mara moja, siku zenye kikao sikamui kabisa, na wiki ya tatu pampu ikawa inatoa mililita 40 kwa matiti yote mawili wakati mwanzo nilikuwa napata zaidi ya 100. Nililia siku hiyo, kweli nililia.

Ila kabla sijaenda famasi nilipita kliniki kwanza na hilo ndo jambo la maana kuliko yote nililofanya. Nesi hakuniambia nunua hiki wala kile, alianza na maswali. Pampasi zenye mkojo ngapi kwa siku? Maana zikifika sita na kuendelea na uzito unapanda basi mtoto anashiba hata kama analia jioni na hata kama ziwa limelainika. Akauliza nimeanza vidonge vya majira? Kuna vidonge vya uzazi wa mpango vinavyopunguza maziwa na watu hawaambiwi. Supu ya pweza, mtori, uji wa pilipili manga, nilikuwa nakunywa vyote na akasema kunywa mama vinakupa nguvu, ila kinacholeta maziwa ni mtoto kuvuta, ziwa lisipotolewa mwili unaona hayahitajiki. Mimi pampasi zilikuwa nne na uzito umedorora, kwahiyo kweli yamepungua, ndo tukaanza kuongea habari ya kopo.

Sasa makopo. La kwanza aliniletea shemeji kutoka nje, kopo zuri, bei yake hata sitaki kukumbuka, na mtoto alilipenda. Lilipoisha nikatafuta lingine kama hilo hapa mjini nikalipata na mshahara ukaanza kuyeyuka. Tarehe 20 hivi kopo limefika chini na hela hamna, nikaanza kupunguza. Chupa ya mililita 120 inataka vijiko vinne vya usawa, mi nikaweka vitatu. Nikajiambia ni siku mbili tatu tu. Zikawa siku tisa. Mtoto akawa anamaliza chupa halafu anaendelea kunyonya chuchu tupu, ananiangalia.

Nilivyompeleka kliniki nesi akachora kwenye kadi, mstari ukalala. Kilo 5.4 mwezi uliopita, kilo 5.4 leo. Akaniuliza unachanganyaje, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, alisema tu kijiko kimoja kati ya vinne ni robo ya chakula cha mtoto umekitoa, na maji yakizidi sana yanashusha chumvi kwenye damu ya mtoto mpaka anaweza kupata degedege. Sitasahau.

Hapo ndo nikabadilisha swali. Nikaacha kuuliza lipi ni bora, nikauliza lipi nitaliweza kwa vijiko kamili mpaka mwisho wa mwezi bila kuyumba. Na piga hesabu yako kabla hujaenda dukani: kopo la gramu 400 ukichanganya sawasawa linatoa kama lita 3 hivi. Wangu mchana anakunywa chupa nne za 120, ni mililita 480, kwahiyo kopo linakaa siku sita, makopo matano kwa mwezi. Anayetegemea kopo peke yake wa kilo 5 anakunywa kama 750 kwa siku, kopo siku nne tu. Zidisha na bei ya famasi ya kwenu ndo utajua.

Na hofu ya kwamba la bei nafuu halina lishe ilinitoka nilipojua kwamba maziwa ya namba 1 (ya mtoto chini ya miezi 6) yana kiwango chake cha kimataifa, kinaitwa Codex, mililita 100 zilizochanganywa lazima ziwe na kalori 60 mpaka 70, na protini, mafuta, madini ya chuma, vyote vimepangiwa. Kinachoongeza bei juu ya hapo ni nyongeza na jina.

NAN 1 na Lactogen 1 zote za Nestlé, ni ndugu. Nilianza na NAN. Kijiko kimoja kwa maji mililita 30, unga unayeyuka haraka, harufu ni ya upole, mtoto alilikubali siku hiyohiyo na choo kikawa laini. Malalamiko sina isipokuwa bei, kwa makopo matano ilinibana tena na nikaona kabisa naelekea kulekule kwenye vijiko vitatu. Nikahamia Lactogen 1, nayo ni kijiko kwa 30, inapatikana hadi famasi ndogo za mtaani kwetu na hilo usilidharau, kopo likiisha saa mbili usiku unataka duka la kufika kwa miguu. Siku tatu za mwanzo choo kilikuwa kizito kidogo na akajamba sana, siku ya nne akatulia. Watoto hawafanani, wa jirani yangu ilikuwa kinyume. Ukibadilisha mpe siku kadhaa tumbo lizoee, usiruke kila siku kopo jipya, lakini ukiona damu kwenye choo, vipele mwili mzima au anatapika kila akila hiyo sio ya kuzoea, ni hospitali. Na yale makopo ya HA (ya watoto wenye hatari ya mzio), AR (ya wanaocheua sana), yasiyo na laktosi, ya soya, usijiandikie mwenyewe, hayo ni ya daktari kusema.

Angalia namba jamani. 1 ni kuzaliwa mpaka miezi 6, 2 ni kuanzia miezi 6. Famasi moja walinipa namba 2 nikagundua nyumbani, nilivyorudi dada akasema eti hamna tofauti. Ipo, na nilisimama hapo mpaka akabadilisha. Angalia tarehe, angalia kopo halijabonyea wala kutuna. Na kijiko cha kopo hili usikitumie kwenye kopo lile, makopo mengi ya Marekani kijiko kimoja ni cha mililita 60, ukichanganya vijiko umeshaharibu kipimo.

Kuhusu maji nitasema kwa kirefu maana huku ndo watoto wanaumia. Unga wa maziwa hauko safi asilimia mia hata kopo likiwa jipya, unaweza kuwa na bakteria, ndo maana WHO wanasema maji yachemke kisha yatumike kabla hayajashuka nyuzi 70, yaani usiyaache zaidi ya nusu saa. Makopo mengine yameandikwa maji vuguvugu kwa sababu wameweka bakteria wazuri ndani, kwa mtoto njiti au mgonjwa muulize daktari ufuate lipi. Mi naweka maji kwanza, halafu unga uliosawazishwa, natikisa, naipoza chupa kwenye bakuli la maji baridi, nadondosha kwenye kiganja. Akibakiza namwaga, inauma lakini namwaga. Iliyokaa mezani masaa mawili namwaga pia. Dada wa nyumbani nimemfundisha mwenyewe, tukachanganya pamoja siku tatu mfululizo mpaka nikaridhika. Na chupa kama kuzichemsha ni shida tumia kikombe kidogo, hata mtoto mchanga anakunywa kwa kikombe na ni rahisi kuosha.

Maziwa ya ng'ombe ya kuzimua, ambayo bibi zetu watakushauri kwa upendo kabisa, hapana kwa kichanga, chuma ni kidogo sana na figo za mtoto hazijakomaa.

Ziwa sijaacha. Usiku wote ananyonya, asubuhi kabla sijatoka, jioni nikifika hata viatu sijavua, na kazini nimeweka alamu mbili za kukamua hata kama kuna kikao natoka. Pampu imerudi kwenye 70. Kopo zilikuwa tano kwa mwezi, mwezi huu nimenunua nne. Wiki iliyopita kadi imesoma kilo 6.5 na nesi mwenyewe alitabasamu.