Fundi wa Kuzunguka wa Quartzsite: Alipima Kwanza, na Betri Hakuniuzia

Mwezi Januari mimi na mume wangu tuliegesha gari letu la kuishi La Posa, kusini mwa mji wa Quartzsite, Arizona, katika ardhi ya umma ambako magari mengi ya aina hiyo hukaa majira ya baridi bila mahali pa kuchomeka umeme. Mahali kama pale jenereta si anasa. Usiku wa jangwani una baridi kali, hita ya gesi huwaka na kuzima hadi alfajiri, na feni yake, ambayo kwetu hula takriban ampea 8 kila inapozunguka, hutegemea betri za nyumba peke yake, yaani zile za sehemu ya kuishi, si ile ya kuwashia injini ya gari. Kukipambazuka, betri hizo hizo zilizokesha zikifanya kazi ndizo zinazotakiwa kuiwasha jenereta ili nazo zipate chaji. Yetu iligoma siku ya tatu: ukibonyeza swichi ilizunguka kwa uzito nusu raundi, ikaguna, ikanyamaza.

Kilichoniuma ni kwamba betri zilikuwa mpya. Wiki tatu nyuma, kabla hatujaondoka Ohio, gereji moja ilitubadilishia zote mbili, zile za volti 6 za magari ya gofu ambazo huunganishwa mbili mbili ili kupata volti 12, kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Hawakupima kitu mbele yetu. Tulilipa zaidi ya dola 400, jenereta ikawaka, tukaondoka tukiamini tumepona.

Jirani yetu kambini ndiye aliyetupa namba ya fundi anayewafuata wateja walipo, mzee mmoja anayefanya kazi peke yake, na huduma yake ndiyo ninayoiandikia hapa. Kabla hajafungua hata kisanduku cha vifaa alituuliza maswali matatu. Je, inapobonyezwa haizunguki kabisa, inazunguka kwa uzito, au inazunguka vizuri lakini haishiki moto? Je, tangi la petroli lina kiasi gani, kwa kuwa mpira wa mafuta wa jenereta haufiki chini ya tangi, umekatwa juu kwa makusudi ili isije ikanywa petroli yote mkabaki jangwani? Na je, tulipobonyeza kile kitufe cha dharura kwenye dashibodi, kinachoiunganisha betri ya injini na zile za nyumba, kulikuwa na nafuu yoyote? Tangi lilikuwa nusu. Kitufe tulikuwa tumekijaribu, na hakikubadilisha kitu.

Jibu hilo la mwisho lilimtosha kushuku. Alitueleza, kwa utulivu wa mtu ambaye amelieleza jambo hilo mara nyingi na bado analipenda, kwamba kitufe kile huongeza nguvu upande wa chanya tu, hivyo kama betri nzima ya injini imekuja kusaidia na jenereta bado inaguna, basi huenda njia ya umeme imeziba mahali fulani, na kubadilisha betri ni kumpa maji mtu aliyekabwa koo.

Kisha alipima. Betri zikiwa zimetulia mita ilisoma volti 12.5, usomaji mzuri kabisa, na hapo ndipo watu wengi hukoma. Yeye alimwomba mume wangu abonyeze swichi huku ncha za mita zikiwa bado kwenye vichwa vya betri: 11.9. Akahamia kwenye stata ya jenereta, mota ndogo inayoizungusha ili iwake, swichi ikabonyezwa tena: 8.2. Volti 3.7 zilikuwa zimepotelea njiani. Alipoweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya jenereta, mita, ambayo ingepaswa kuonyesha chini ya nusu volti, ilipanda hadi 3.1 stata ilipojitahidi kuzunguka, yaani sehemu kubwa ya volti zilizopotea ilikuwa upande wa hasi. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, niliisoma namba hiyo mwenyewe.

Alilala chini ya gari na kunionyesha waya mnene wa hasi wa jenereta mahali unapofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kwa nje ulionekana mzima. Alipofungua nati, kichwa cha waya kilitoka na unga wa kijani, na chini yake chuma cha chasisi kilikuwa kimefunikwa na kutu iliyobanduka kama maganda. Ohio barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari letu limepita humo miaka mingi. Betri mpya zilikuwa na nguvu ya kutosha kuusukuma umeme kupita kwenye kutu ile kwa siku chache za mwanzo, zikaficha tatizo badala ya kuliondoa.

Alitoa waya wa hasi kwenye betri kwanza, akasugua chasisi kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akabana kichwa kipya cha shaba, akakaza, akapaka grisi juu. Jenereta iliwaka kabla sijahesabu hadi mbili. Hata hivyo hakuondoka hadi alipokijaribu kingʼora cha gesi ya kaboni monoksidi ndani ya gari, jambo ambalo sikumwomba na ambalo namshukuru kwalo.

Alitutoza dola 160 kwa kazi yote, pamoja na nauli yake na kile kichwa cha waya. Kasoro zipo: alichelewa saa mbili bila kupiga simu, hapokei kadi, na risiti yake ilikuwa mistari miwili ya mkono isiyotaja vipimo alivyovichukua, nami ningependa kuwa navyo kwa kumbukumbu. Bado ningemwita tena bila kusita. Utakapompigia, mweleze mapema kama stata yako inaguna, imekaa kimya au inazunguka bila kushika moto, na uwe umekwisha kukijaribu kitufe cha dharura, kwa sababu hilo ndilo atakalokuuliza baada ya salamu.