Huduma ya Samansi katika Mahakama ya Madai Madogo, Nairobi

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kwangu mimi mwenye duka niliyeshtakiwa na msambazaji wa sukari kwa deni ambalo sikulikana, imestahili sifa kuliko nilivyotarajia.

Lawama yangu kubwa ni kwa mpelekaji samansi, yaani hati ya kumwita mtu mahakamani, aliyeajiriwa na mdai, ambaye alinisomea kiasi cha deni kwa sauti mbele ya wateja, ilhali kazi yake ilikuwa kunikabidhi hati, kupata sahihi yangu na kuapa hati ya kiapo kuthibitisha hayo. Tangu kanuni ziliporekebishwa mwaka 2020, samansi inaweza pia kutumwa kwa baruapepe au WhatsApp, njia ambayo ingemsitiri mdaiwa zaidi, ingawa inadai mtu awe mwangalifu na simu yake, kwa maana anayenyamaza huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Hati zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza kizito. Mwamuzi, kwa upande wake, alinisikiliza bila mimi kuwa na wakili, nasi tukakubaliana malipo ya awamu. Sheria huitaka mahakama hii imalize kesi ndani ya siku 60, na yangu haikufika huko. Ninaipa nyota nne. Mpelekaji samansi, moja.