Seva ya kukodi: mashine imara, mazingira ya kuingia yamevurugwa

Kwa miezi mitano sasa ninakodi seva pepe yenye Debian 12 (mfumo endeshi wa aina ya Linux) kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo siitaji jina kwa kuwa malalamiko yangu kwao bado hayajafungwa. Kwa mashine yenyewe sina neno: haijazimika hata mara moja, diski yake ina kasi, na malipo ya kila mwezi hufanyika kwa simu bila usumbufu. Kasoro iko mlangoni, katika mazingira anayoyakuta mtumiaji pindi anapoingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuiendesha seva kwa amri kutoka mbali.

Siku ya kwanza nilimfungulia akaunti mwenzangu na kuweka skripti zetu katika saraka ya bin iliyo ndani ya saraka yake ya nyumbani, kwa kuwa .profile ya Debian, faili la mipangilio linalosomwa mtumiaji anapoingia, huiongeza saraka hiyo yenyewe kwenye PATH, yaani orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa. Alipoandika jina la skripti alijibiwa «command not found», na hata rangi za ls, amri ya kuorodhesha mafaili, hazikuonekana. Nilipotazama kwa ls -la nilikuta, kando ya .profile, faili la .bash_profile lenye mistari miwili: salamu za kampuni na namba ya simu ya huduma kwa wateja. Bash, sheli (programu inayopokea amri) ya seva hiyo, inapoanzishwa kama sheli ya kuingia husoma /etc/profile, kisha hutafuta .bash_profile, .bash_login na .profile kwa mpangilio huo, na ikishalipata la kwanza hayo mengine huyaacha; ndivyo .profile ilivyorukwa. Salamu zile, ambazo mahali pake ni /etc/motd, faili la ujumbe unaoonyeshwa mtu anapoingia, zilikuwa zimewekwa katika /etc/skel, ambako mafaili ya kila akaunti mpya hunakiliwa, kwa hiyo kila mtumiaji alizaliwa na kasoro hiyo hiyo.

Fundi wao alijibu ndani ya saa moja, tena kwa adabu, lakini dawa aliyoitoa ilizidisha ugonjwa. Alinielekeza niandike PATH=$PATH:/opt/kazi/bin katika /etc/environment. Faili hilo halisomwi na sheli bali na pam_env, moduli ya mfumo inayopanga mazingira ya mtumiaji anapoingia, ambayo haitafuti thamani ya $PATH. Huyachukua maandishi hayo herufi kwa herufi. Kwa bahati mbaya nilipoingia tena sikuona tatizo lolote, kwa sababu /etc/profile ya Debian huipanga PATH upya. Usiku huo nakala rudufu zinazotumwa kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kupitia mtandao, zilikwama, maana amri inayopelekwa moja kwa moja kupitia SSH haipiti katika /etc/profile. Nilipojaribu ssh seva ls, niliambiwa kwamba ls haipo! Niliandika ssh seva 'echo $PATH', nikiizungushia amri alama moja moja za nukuu, kwa kuwa zile mbili mbili zingeifanya kompyuta yangu ijibu kwa niaba ya seva, na jibu likaja $PATH:/opt/kazi/bin, vile vile kama lilivyoandikwa.

Nililiacha dirisha moja la SSH wazi kwa tahadhari, nikaufuta mstari ule, nikaiweka njia ile ya /opt/kazi/bin katika /etc/profile.d/kazi.sh, faili ambalo /etc/profile hulisoma, kisha nikaondoa .bash_profile katika /etc/skel na katika saraka za watumiaji wote. Nilipoingia upya kupitia dirisha la pili, skripti ziliitika, rangi zikarudi, na rsync ikafanya kazi.

Ninaipa huduma hii nyota 3 kati ya 5. Ningeongeza ya nne kama wangelisikia neno langu, lakini wiki iliyopita nilikodi seva ya pili na kuikuta .bash_profile ile ile, na salamu zile zile. Atakayekodi kwao aanze na ls -la /etc/skel kabla ya kufungua akaunti yoyote.